Fundi na Shahidi wa Yadi ya Juu

Fundi alikuwa anapiga watu. Naanza na hilo kwa sababu wengine wakimsimulia huanza na kompyuta, jinsi alivyozishika taratibu kama mtu anayebeba mayai, na ukiwasikiliza utadhani alikuwa mpole. Hakuwa mpole. Nimemwona kwa macho yangu akimtoa mtu jino kwa ngumi mbele ya banda la mama ntilie, kwa sababu mtu huyo aliipiga televisheni kofi ili ionyeshe vizuri.

"Imekukosea nini?" alimwuliza.

Yule mtu akacheka. Hakumaliza kucheka.

Alizaliwa wapi sijui, na ukiniuliza ukoo wake nitakudanganya. Sisi tulimwita Fundi, na mke wake naye alimwita Fundi. Nilimjua miaka mingi kwa sababu mimi nilikuwa mlinzi wa geti katika yadi moja ya kusaga na kuchenjua mawe ya dhahabu, ukitoka Kahama kuelekea Geita, na yeye ndiye aliyekuwa akitutengenezea kompyuta ya mizani. Mimi shule niliishia darasa la pili, walionitoa ni ng'ombe wa baba. Kwa hiyo mambo ya kompyuta nitakayoyasema hapa ni yale niliyoyaona na niliyoelezwa. Nikikosea, wenye elimu watanirekebisha.

Alikuwa mfupi mwenye shingo nene. Ndevu zilimwota upande mmoja tu, upande wa pili kuna kovu la moto. Bisibisi aliiweka sikioni, na mfukoni alikuwa na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, akivitafuna siku nzima kama mbuzi. Hakupenda kuitwa injinia. Kijana mmoja wa ofisini alimwita injinia mara ya kwanza, akamwonya. Akamwita mara ya pili, tukamtafutia yule kijana maji ya kuoshea pua.

Sasa mtu huyohuyo alikuwa anaimba kwaya. Sauti ya nne, kule parokiani Ushirombo, na akiimba hata watoto walinyamaza. Padri alimwambia siku moja, nenda kamwombe radhi yule uliyemvunja taya, ndipo urudi kukomunika. Fundi hakubishana na padri. Alihama kigango. Akawa anasali mbali, baiskeli nusu ya asubuhi, ili mradi asiseme neno "nisamehe". Mke wake ndiye aliyenieleza, tena kwa sauti kubwa, Fundi akiwa amekaa palepale anatafuna kiazi chake.

"Ni kweli, Fundi?" nikamwuliza.

"Yule taya limeshapona, mzee. Kuna haja gani?"

Mkono ambao ungemvunja mtu taya ulikuwa mwingine kabisa ukifika kwenye mashine. Mafundi wengine hufika na kufungua skrubu kabla hata hawajasalimia. Yeye alivuta kigoda, akakaa, akasema, "Iwasheni nione inavyoamka." Kisha aliuliza kama daktari wa ng'ombe. Ilikuwa nzima lini? Tangu wakati huo nini kimebadilika hapa? Nani alikuwepo na sasa hayupo? Hili la mwisho lilikuwa linanichekesha. Nilikuwa namwambia, Fundi, unatengeneza kompyuta au unaandikisha msiba?

Nieleze kwanza ile mizani, maana bila hiyo hutanielewa. Wachimbaji walileta mifuko ya mawe, mfuko unawekwa juu ya bamba la chuma, kompyuta inasoma kilo na kamera inapiga picha. Karani wa mizani alikuwa Mama Kulwa, mjane mwenye mapacha, mtu wa maneno machache. Wachimbaji hawakuiamini kompyuta. Huku kwetu mawe ya duara, yaani shimo la dhahabu, yanapogawanywa, hakuna anayegusa mfuko mpaka mwenye duara asimame, mwenye shamba asimame, na mwakilishi wa wachimbaji asimame. Mmoja akienda haja, wote wanangoja. Watu wamekatwa mapanga kwa sababu ya kuanza mgawo mmoja hayupo. Basi wachimbaji walikuja na Masanja wao, msimamizi wa duara kubwa, wakasema na kompyuta nayo lazima iwe na shahidi.

Fundi aliwapenda kwa wazo hilo. Akaweka mashine ya pili yadi ya juu, kule mlimani ambako wachimbaji wenyewe walilala na kulinda, na akaziunganisha kwa vile visahani vya kurushia mawasiliano juu ya nguzo. Kila mfuko ukipimwa chini, kilo na picha zinahifadhiwa juu. Na asubuhi tukiwasha jenereta, mashine ya chini ilikuwa inaiita kwanza ya juu, ikiitikiwa ndipo inaendelea kuamka. Ilikuwa inaitikiwa haraka, hata hatukujua kama kuna mwito.

Masanja alifurahi siku ile. Alimnunulia Fundi soda, wakapigana mabega.

Baadaye Fundi akafukuzwa yadini. Shemeji wa bosi alimwaga chai juu ya kibodi, akacheka. Fundi akamtia kabali mpaka macho yakageuka meupe, tukamtoa watu kadhaa. Bosi akasema asikanyage tena hapa. Ndiyo maana hakuwepo, alikwenda mbali kutafuta vibarua, wala hakupata habari, wavamizi walipoivamia yadi ya juu.

Sipendi kulisimulia hilo. Walikuja na mapanga na manati, wengine na chupa za petroli. Shija, mlinzi mwenzangu wa kule, niliyekuwa naye sungusungu ujanani, walimkata mlangoni akiwa ameshika filimbi. Walibeba mifuko ya mawe, wakachoma banda. Ile mashine waliitafuta makusudi, kwa sababu ilikuwa na sura zao, wengi wao walikuwa wamewahi kupima mawe kwetu. Waliivunja kwa mitarimbo, kisha wakaitupia motoni. Nilipofika niliikuta chini ya mabati, imeyeyuka upande, na Shija hatua chache kutoka hapo. Tulimzika Shija. Mashine tuliiacha palepale. Nani angeisogeza, watu wana msiba?

Tangu hapo kompyuta ya chini ikawa haitaki kuamka.

Inawashwa, inaonyesha picha ya mwanzo, halafu kioo cheusi. Kimya. Unaweza kuchemsha chai ukainywa na kuosha kikombe. Ikishachoka yenyewe ndipo inaamka, inafanya kazi vizuri kama haijawahi kuumwa. Jenereta ikizimwa ikawashwa, mambo ni yaleyale. Na huku kwetu jenereta huzimwa mara nyingi. Walikuja mafundi. Mmoja alisema ni vumbi, akaipuliza. Mmoja alisema ni uzee, akaibadilisha kitu ndani, ikawa nzee vilevile. Shemeji wa bosi akaleta mganga kutoka Ushetu, kuku mwekundu akachinjwa kwenye bamba la mizani, na Mama Kulwa ndiye aliyeosha damu.

Foleni nayo ilikuwa juani. Watu waliotoka shimoni, wana njaa na vumbi mpaka kwenye kope, wanakitazama kioo cheusi kupitia dirishani, na mbele ya kioo amekaa mwanamke mmoja. Fikiria mwenyewe. Maneno yakaanza pole pole. Kwamba ule weusi ndio wakati Mama Kulwa anakula kilo zao. Wengine wakaongeza kwamba ana dawa. Wengine wakasema hata Shija aliuawa kwa sababu yake. Nchi hii nimezeeka nayo, na najua mwanamke akishaanza kusemwa hivyo mwisho wake huwa wapi. Nilimwambia, mama, kaa nyumbani siku mbili tatu. Akanijibu, "Kulwa na Dotto nao wakae bila kula?"

Basi asubuhi moja hawakuja na mifuko. Walikuja na mawe mikononi, nyundo, na dumu la petroli. Masanja mbele. Bosi alikuwa Mwanza. Nilimsukumia Mama Kulwa ndani ya ofisi ya mizani, nikafunga mlango wa nondo, nami nikawa ndani. Mlinzi gani hujifungia, utauliza. Mwenye rungu moja mbele ya watu mia, ndiye huyo. Polisi nikawapigia, wakasema gari liko njiani. Kisha nikampigia Fundi. Nilijua yuko senta ya jirani anatengeneza simu.

"Nimekatazwa kukanyaga hapo," akasema.

"Wanataka kumchoma Mama Kulwa kwa sababu ya kuchelewa kwa mashine."

Simu ikakatika. Alifika na bodaboda, akaingia katikati ya kundi kwa viwiko. Nilisikia mtu akipiga kelele za kuvunjika mbavu. Nikafungua kidogo, akapita, shati limechanika mgongoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Watatuchoma."

"Nawasikia. Iwasheni nione inavyoamka."

Alivuta kigoda akakaa, kama siku zote. Jiwe la kwanza likapiga bati. Picha ya mwanzo ilipotokea, akabonyeza kitufe kimoja, picha ikaondoka, na nyuma yake tukaona mistari ya maandishi inashuka mbio kama siafu. Miaka yote ile maandishi yalikuwa pale, sisi tumefunikiwa na pambo. Halafu yakasimama. Chini kabisa kulikuwa na vinyota vyekundu, vinakwenda kushoto, vinarudi kulia, kushoto, kulia, kama mtu anayetembea mlangoni.

Fundi akasogeza uso. "Haumwi huyu," akasema. "Anamngoja mtu. Mama Kulwa, mashine ya juu iko wapi?"

"Si ilivunjwa, Fundi. Siku ile waliyomuua Shija."

Akageuka kumtazama, kisha akanitazama mimi. "Shija amekufa?"

"Ulikuwa umefukuzwa," nikamwambia.

Dirisha likapasuka. Jiwe lilimpiga Mama Kulwa juu ya jicho, akakaa chini polepole bila kulia, damu inamshuka hadi kwenye kitenge. Fundi hakuinuka. Sauti yake tu ndiyo iliyobadilika.

"Mbane hapo na kitambaa, mzee. Bana kwa nguvu."

Nikabana. Yeye akawa anaandika, anaongea bila kututazama, na mimi nikamwelewa kwa sababu nilikuwa sungusungu. Ujanani mwano ulipopigwa, ule ukelele wa hatari, tulikusanyika na mtemi wetu aliita kaya moja moja, na hatuondoki mpaka kila kaya iitike. Mashine ilikuwa inafanya hivyohivyo. Kila asubuhi inaita yadi ya juu. Yadi ya juu ni majivu. Inaita tena, na tena, mpaka ichoke.

"Mimi ndiye niliyeiambia isianze bila shahidi," Fundi akasema. "Na iite muda mrefu kabla ya kukata tamaa, kwa sababu mawasiliano ya mlimani huwa yanasuasua. Nini ifanye mwenzake akifa, hilo sikuiambia. Sikulifikiria."

Alifungua faili moja dogo, na mwishoni mwa mstari mmoja akaongeza maneno mafupi. Akaizima, akaiwasha. Mimi nilikunja kitambaa upande mkavu, kuinua macho kioo kimeshawaka na mizani inasoma sifuri.

Nje mtu alikuwa ameanza kumwaga petroli kwenye kizingiti. Harufu ikaingia kabla ya kelele.

Mama Kulwa akasema, "Waambie ilikuwa umeme, Fundi. Waambie umeme umepona."

"Nikisema umeme, kesho ukikatika watakurudia wewe." Akasimama, akatoa bisibisi sikioni, akaiweka mezani. "Fungua, mzee."

"Fundi, usitoke."

"Fungua."

Nilifungua. Alisimama juu ya bamba la mizani ili waonekane wote mbele yake, na yeye aonekane. Mtu ambaye alihama kigango ili asimwombe mtu radhi.

"Mashine imepona," akasema. "Mama Kulwa hana kosa. Hajui hata inavyoamka. Ninyi mlitaka shahidi, nami nikaiambia mashine isianze mpaka shahidi wa yadi ya juu aitike. Shahidi amechomwa pamoja na Shija, na mashine haikuambiwa. Asubuhi zote hizi ilikuwa inamwita marehemu. Ni mimi niliyeipanga vibaya. Kosa ni langu, mnisamehe."

Masanja akasema, "Kwa hiyo ni wewe uliyetusimamisha juani."

"Ni mimi."

"Unatutangazia kwa mdomo wako."

"Ndiyo, Masanja."

Nilidhani yangeishia hapo. Watu waliojaa hasira wakipata ukweli hawajui waipeleke wapi ile hasira, kwa hiyo wakamrukia. Wa kwanza alimwangusha kwa kichwa. Wa pili alimpiga ngumi ya koo. Wa tatu nilimpiga mimi kwa rungu, sijutii. Halafu wakawa wengi. Mimi walinikanyaga mgongoni, nikawa naona miguu tu, na kupitia miguu nikaona wamemlaza, wamemnyoosha mkono wa kulia juu ya lile bamba, mmoja amekalia bega. Masanja alikuwa na nyundo ya kuvunjia mawe.

Mama Kulwa alikuwa dirishani. Yeye hakuona nyundo, alikuwa ameinamia kioo cha kompyuta. Alinieleza baadaye kwamba kila pigo lilipotua, namba za mizani ziliruka juu, zikashuka, zikaruka, na mashine ikapiga picha kila mara kama ilivyofundishwa. Fundi hakupiga ukelele pigo la kwanza. La pili alipiga.

Kisha wakaachia. Sijui kwa nini watu huachia. Dumu la petroli likaondolewa kizingitini, mtu akalifunga kizibo vizuri, petroli ni ghali. Na wakaenda wakarudi na mifuko yao, wakapanga foleni. Naapa. Wakapanga foleni.

Mama Kulwa alitoka na ndoo, akaosha bamba, kama alivyoosha damu ya kuku. Akarudi ndani, akahakikisha mizani inasoma sifuri. Damu ya kwake ilikuwa bado inachuruzika kwenye nyusi. Masanja akaweka mfuko wa kwanza. Mama Kulwa akampimia, hakupunguza hata nukta, akamsomea kwa sauti. Masanja akasema, "Wabeja, mama," yaani asante kwa Kisukuma cha heshima, akaondoka ametazama chini.

Polisi walipofika walichukua wawili, Masanja si mmoja wao. Picha zilikuwepo zote kwenye mashine ya chini, maana ya juu haipo tena, na bosi alitaka kuzitoa. Fundi alikataa kushtaki. Nilimfuata hospitalini nikamgombeza. Akaniuliza, mkono umefungwa kama mtoto mchanga, "Mzee, mimi wamenishtaki wangapi?" Wengi walikuwa na haki hiyo.

Mama Kulwa yupo mpaka leo kwenye mizani ileile. Kovu lake limegawa nyusi mara mbili. Hakuna anayemsema tena. Kila msimu wa viazi anamkaushia Fundi matobolwa gunia zima, na mwaka huu gunia hilo nililipeleka mimi, kwa kuwa nilikuwa naenda Kahama hospitali kutibiwa mguu wangu huu.

Nilimkuta kwenye kibaraza cha duka la simu. Ndevu za ule upande mmoja zimekuwa nyeupe. Bisibisi iko sikio la kushoto sasa. Vidole vitatu vya mkono wa kulia havikunji, vimekaa kama uma, anavitumia kukandamizia kitu kisisogee. Anaandika kwa kushoto, herufi moja, anatafuta, herufi nyingine. Kazi ambayo zamani aliimaliza nikiwa natafuta miwani, sasa unaweza kulala na kuamka.

"Ule mstari wa shahidi ulikuja kuufuta?" nikamwuliza. Jambo hilo lilikuwa linanisumbua.

"Sikuufuta. Niliandika tu kwamba asipoitika, iendelee."

"Kwa nini usifute?"

"Yadi ya juu wakiijenga tena?" Akatafuna kiazi. "Mama Kulwa hajambo?"

"Hajambo."

Pikipiki ikasimama. Akashuka mtu mnene, kofia mkononi, na kompyuta ya kubeba kwapani. Masanja. Siku hizi ana duara lake mwenyewe. Rungu langu nilikuwa nimeliacha nyumbani, na mkono ukalitafuta hivyohivyo. Wao ni rika moja, lakini Masanja aliinama.

"Shikamoo, Fundi."

Fundi hakuitikia. Alinyoosha mkono wa kushoto, akaipokea ile kompyuta, akaiweka mezani, na vile vidole vitatu vilivyokufa akavilaza juu yake ili isiteleze.

"Ina nini?"

"Inachelewa kuamka."

Nilimtazama Fundi usoni, nikasubiri ngumi. Nilikuwa nimeishi na ngumi zile miaka mingi, hata ya kushoto ingetosha. Alivuta kigoda, akakaa.

"Iwashe nione." Kisha akasema, "Mimi siku hizi naenda polepole, Masanja. Si kama zamani."

Masanja akaangalia ule mkono. Jua lilikuwa limeshafika kibarazani, na kiti cha pili hakikuwepo. Akaweka kofia chini, akachuchumaa ukutani, palepale juani.

"Nangoja, Fundi," akasema.

Na akangoja.